Boazi Yuko Mbali: Kazi ya Shambani katika Picha za Jean-François Millet

Utangulizi

Miongoni mwa picha za Ulaya ambazo watu wa kanisa wamezipenda, ni chache zilizopata heshima kama zile za mchoraji Mfaransa Jean-François Millet (1814–1875). Picha yake ya wakulima wawili wanaosali shambani wakati wa jioni imechapwa na kuchapwa tena, ikatundikwa katika nyumba zisizo na idadi. Sisi tunaojifunza na kufundisha theolojia tumezoea kuitazama picha hiyo, na nyingine za mkono wake, kama mahubiri mafupi juu ya uchaji wa watu wa mashambani.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo yamezipunguzia picha hizo nguvu zake. Millet hakuanza kwa kuchora uchaji; alianza kwa kuchora kazi. Alichora mgongo uliopinda, mkono uliozoea udongo, na umbali uliopo kati ya yule anayeokota na yule anayemiliki. Tunadai ya kuwa msomaji wa Biblia anao ufunguo wa picha hizo, ambao wahakiki wa Paris waliozishambulia hawakuutumia. Ufunguo huo ni sheria ya masazo. Ukitumiwa, picha hizi haziwi tena pambo la ukutani. Huwa swali kwa kanisa lenyewe.

1. Shamba lisilo na mvunaji

Yafaa tuanze na neno. Katika lugha nyingi za Ulaya, sanaa inayosifu maisha ya mashambani huitwa kwa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya mchungaji wa mifugo. Ni neno lile lile ambalo kanisa limelichukua kwa ajili ya huduma yetu. Sanaa hiyo ilianzia katika mashairi, kwa Theocritus Mgiriki katika karne ya 3 kabla ya Kristo, kisha kwa Virgil Mroma. Wachungaji wa mashairi hayo hukaa kivulini, hupiga filimbi na kushindana kwa nyimbo. Virgil hakusahau kwamba mmoja wa wachungaji wake amenyang'anywa shamba na anakwenda uhamishoni. Lakini wengi waliomfuata walikichukua kivuli na filimbi, wakamwacha njiani yule aliyenyang'anywa.

Tukitaka mfano wa jinsi usahaulifu huo ulivyoingia katika uchoraji, tuitazame picha ya Thomas Gainsborough ya mnamo 1750, iliyoko National Gallery, London. Inawaonyesha Bwana na Bibi Andrews, wenye mashamba katika Essex, Uingereza. Bwana amesimama na bunduki yake, bibi ameketi katika vazi la hariri, na upande wa kulia limeenea shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Miganda imefungwa na kusimamishwa vizuri. Lakini nani aliyeifunga? Katika shamba lote hakuna hata mvunaji mmoja. Mavuno yapo, wavunaji hawapo. Mtazamaji anaachwa adhani kwamba ngano ilijikata na kujifunga yenyewe, kwa heshima ya wenye shamba.

Haikuwa hivyo kwa kila mchoraji. Karibu miaka 200 kabla ya Gainsborough, mwaka 1565, Pieter Bruegel wa Uholanzi ya Kusini alichora wavunaji wa ngano kwa ajili ya nyumba ya Niclaes Jonghelinck, mfanyabiashara wa Antwerp. Picha hiyo leo iko Metropolitan Museum, New York. Hapo wanaume wanakata ngano kwa miundu mirefu, wanawake wanafunga miganda, na chini ya mti kundi la wafanyakazi linakula huku mmoja wao amelala chali, miguu ameitupa, hana habari na mtu. Bruegel hakuwatia wakulima utakatifu wala hakuwaficha. Aliwapa njaa, usingizi na jasho, na hayo yenyewe ni heshima. Hata hivyo picha yake ilichorwa ili imfurahishe tajiri wa mjini, haikumwuliza neno.

2. Kutoka Ruthu hadi waokota masazo

Millet alizaliwa katika kijiji cha Gruchy, Normandy, katika familia ya wakulima, na katika ujana wake alilima, akapanda na kuvuna pamoja na baba yake. Wakati huo huo alifundishwa Kilatini, akamsoma Virgil pamoja na Biblia. Kwa hiyo aliyajua mashairi ya kivulini, na aliijua kazi ya juani. Baada ya kujifunza uchoraji Cherbourg na Paris, mwaka 1849 alihamia Barbizon, kijiji kilicho kando ya msitu wa Fontainebleau, karibu na tambarare pana ya Chailly yenye mashamba makubwa ya ngano. Huko alikaa hata kufa kwake.

Katika miaka ya kwanza ya Barbizon alishughulika na picha moja kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Wazo lake la mwanzo lilikuwa Ruthu na Boazi. Ilipopelekwa katika Salon ya 1853, yaani maonyesho makuu ya sanaa ya Paris, aliipa jina la kawaida tu, mlo wa wavunaji, nayo ikapewa nishani ya daraja la pili. Leo iko Boston, Marekani. Wavunaji wameketi chini ya marundo makubwa ya ngano, wanakula. Upande wa kushoto mwanamume anamleta kwao mwanamke aliyeshika kitita cha masuke aliyoyaokota. Mwanamke anasita, kichwa amekiinamisha. Mwanamume amenyosha mkono kuwaelekea walaji. Ni Ruthu 2:14 katika mavazi ya Ufaransa ya karne ya 19: wakati wa chakula, mwenye shamba anamkaribisha mgeni mwokotaji akae pamoja na wavunaji, naye anakula hata anasaza.

Inatupasa tuikumbuke picha hiyo kila tunapotazama ile mashuhuri zaidi, *Waokota Masazo*, iliyoonyeshwa katika Salon ya 1857 na ambayo sasa iko Musée d'Orsay, Paris. Si picha kubwa. Urefu wake kwenda juu ni sentimita 84 hivi, na upana wake sentimita 111 hivi. Wanawake watatu wako mbele yetu katika shamba lililokwisha kukatwa. Wawili wameinama kabisa, mikono yao yagusa ardhi. Wa tatu ameinuka nusu, akiangalia kitita kidogo alicho nacho. Wa kushoto ameuweka mkono mmoja mgongoni, na katika mkono huo ameshika masuke aliyoyapata. Kila aliyepata kuinama shambani siku nzima huelewa mara moja kwa nini mkono uko pale.

Kisha tutazame nyuma yao. Mbali sana, katika mwanga wa dhahabu, kuna marundo makubwa ya ngano, gari lililojazwa miganda, kundi la wafanyakazi, na upande wa kulia mtu mmoja juu ya farasi, ambaye ndiye msimamizi, au kwa neno tulilorithi kutoka mashamba ya mkonge, mnyapara. Kule nyuma kuna wingi. Hapa mbele kuna masuke ya kuhesabika. Miili ya wanawake ni mizito na mikubwa, lakini Millet ameipanga chini ya mstari wa upeo wa macho, hata ardhi inaonekana kuwashika wasiinuke. Hakuna anayewatazama. Mwanga wote uko kwa wenye mavuno.

Hapa ndipo tunapoona kile ambacho twakiita kiini cha jambo. Kati ya 1853 na 1857 hadithi ni ile ile: shamba, wavunaji, mwokotaji wa kike, na mwenye mamlaka. Kilichobadilika ni umbali. Katika picha ya kwanza Boazi yuko kando ya Ruthu na anamleta mezani. Katika ya pili Boazi amekwenda mbali, amepanda farasi, na uso wake hausomeki. Ruthu amebaki, hata wamekuwa watatu. Mlo umetoweka. Hatudai kwamba Millet aliyapanga haya kama hoja ya theolojia. Tunasema kwamba anayezisoma picha mbili hizi kwa kufuatana ataona kitabu cha Ruthu kikisomwa katikati ya karne ya 19, na ukurasa wa Boazi umekosekana.

Wahakiki wa Paris walitishika. Miaka 9 tu ilikuwa imepita tangu mapinduzi ya 1848. Mmoja aliwalinganisha wanawake hao na miungu watatu wa kike wa majaliwa katika ngano za kale, sasa wakiwa walinzi wa ufukara. Mwingine, akiandika katika gazeti *Le Figaro*, alidai kuona nyuma yao mikuki ya ghasia na majukwaa ya kukatia watu vichwa ya 1793. Wanawake watatu waliookota chakula walionekana kuwa tishio kwa dola!

Lakini walikuwa wakifanya nini, ila kutumia haki ya kale? Katika Ufaransa kuokota masazo hakukuwa wizi. Amri ya mfalme ya mwaka 1554 iliwapa ruhusa maskini, wazee, vilema na watoto kuingia shambani baada ya mavuno kuondolewa. Na nyuma ya desturi hiyo imesimama Torati. Mambo ya Walawi 19:9-10 inamkataza mwenye shamba asivune hata pembeni, wala asiyakusanye masazo, bali awaachie maskini na mgeni. Na amri hiyo inafungwa kwa jina la Bwana mwenyewe. Kumbukumbu la Torati 24:19-21 inaongeza mganda uliosahauliwa, mizeituni na zabibu, na inawataja mgeni, yatima na mjane. Tuangalie vizuri mfumo wa sheria hiyo. Haimwambii tajiri awape maskini sadaka. Inamwambia kwamba ile sehemu ya pembeni si yake. Mwokotaji haombi; anachukua kilicho chake kwa amri ya Mungu.

Kwa sababu hiyo tunakataa usomaji unaowageuza wanawake hawa kuwa mfano wa unyenyekevu. Kuinama kwao si unyenyekevu. Ni jinsi masuke yanavyookotwa. Vile vile tunakataa woga wa wahakiki wa 1857. Swali la picha si kwamba wanawake hawa watainuka lini na kufanya fujo. Swali ni kwamba yule aliye juu ya farasi anaijua sheria ya pembeni mwa shamba, na kama anaijua, kwa nini masazo ni machache hivyo.

3. Kengele ya jioni na bei yake

Picha iliyompatia Millet sifa kubwa kuliko zote ni *Angelus*, aliyoichora kati ya 1857 na 1859. Ni ndogo, sentimita 55 kwa 66 hivi. Mwanamume na mwanamke wamesimama katika shamba la viazi. Uma wa kuchimbia umechomekwa ardhini, kikapu cha viazi kiko miguuni pao, toroli lenye magunia liko nyuma. Mwanamume amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili. Mwanamke amefumbata mikono kifuani. Mbali, kwenye upeo, unaonekana mnara wa kanisa.

Wengi hawajui kwamba mnara huo uliongezwa baadaye. Picha iliagizwa na Thomas Gold Appleton wa Boston, na mwanzoni ilihusu sala kwa ajili ya mavuno ya viazi. Mwagizaji hakuja kuichukua. Millet akaongeza mnara, na jina likabadilika. Jambo hili ni dogo kwa macho, lakini kwa maana ni kubwa. Mnara unatufanya tudhani kwamba sala imetoka kanisani ikawakuta wakulima shambani. Chini ya rangi mambo yalikuwa kinyume: sala ilikwisha kuwapo kati ya viazi na uma kabla ya kanisa kuonekana. Millet mwenyewe alieleza mwaka 1865 kwamba wazo lilitokana na kumkumbuka bibi yake, ambaye kila aliposikia kengele aliwasimamisha kazi wajukuu shambani ili wawaombee maskini waliokufa. Basi hata kengele ilikuwa na wafu wake, watu waliokwisha kulima ardhi ile ile na kulala ndani yake.

Sisi Walutheri hatuisali sala hiyo, ambayo ni salamu ya malaika kwa Mariamu katika Luka 1 inayosaliwa na Wakatoliki mara tatu kwa siku. Lakini hatuna haja ya kuikwepa picha kwa sababu hiyo. Tunalo pa kusimama katika Katekisimo Ndogo. Luther, akieleza ombi la nne la Sala ya Bwana, hakuuacha mkate uwe mkate tu. Aliingiza humo shamba, mifugo, fedha, watumishi waaminifu, serikali njema, hali nzuri ya hewa na majirani wema. Maana yake ni kwamba anayeomba mkate wa kila siku juu ya kikapu cha viazi anaomba pia ujira wa haki, mtawala asiyekula rushwa na jirani asiyesogeza mpaka. Sala ya wakulima wawili wa Millet, ikisomwa kwa Katekisimo, si utulivu wa jioni. Ni hesabu ndefu inayowekwa mbele za Mungu.

Yaliyoipata picha hii baada ya hapo yanahuzunisha. Mwaka 1860 iliuzwa kwa faranga 1,000 hivi. Mwaka 1889, Millet akiwa amekufa miaka 14 iliyotangulia, ilinunuliwa mnadani kwa faranga 553,000, ikapelekwa Marekani kuonyeshwa kwa umati. Mwaka uliofuata Alfred Chauchard, tajiri wa maduka ya Paris, aliirudisha Ufaransa kwa faranga 750,000. Tofauti kati ya bei hizo na hali ya familia za wachoraji ilitajwa sana na wale waliodai sheria ya kuwapa wasanii na warithi wao sehemu ya fedha kila kazi yao inapouzwa tena. Sheria hiyo ilipitishwa Ufaransa mwaka 1920. Tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba hapa mchoraji wa masazo naye alikuwa ameachwa bila masazo, na kwamba sheria ya 1920 ilikuwa njia ya kumwachia pembe ya shamba lake mwenyewe.

4. Jasho na ujira: upungufu wa Millet

Hata hivyo uhakiki usiotaja upungufu si uhakiki. Upungufu wa Millet unaonekana wazi katika *Mtu Mwenye Jembe*, iliyoonyeshwa mwaka 1863 na ambayo sasa iko Getty Museum, Los Angeles. Mkulima ameegemea mpini mfupi wa jembe, mgongo umekunjamana, kinywa ki wazi kwa uchovu. Ardhi mbele yake imejaa mawe na miiba. Wengi waliona kwamba mchoraji amemfanya mkulima kuwa mnyama. Millet alijibu kwa barua kwa rafiki yake Alfred Sensier: alisema kwamba huyaona maua na mwanga wa jua kama watu wengine, lakini humwona pia mtu ambaye tangu asubuhi amekuwa akihema kwa kazi, anayejaribu kujinyosha kidogo apate pumzi. Ni jibu zuri, na mtu aliyelima anaweza kuliamini.

Lakini tukichunguza zaidi, miiba ile ni ya Mwanzo 3:18, na jasho lile ni la Mwanzo 3:19. Millet alipenda kuelekeza kazi ya shambani kwenye laana hiyo ya kwanza. Hapo ndipo tunapotofautiana naye. Jasho la Mwanzo 3 ni la wanadamu wote. Halina mnyapara wala mwenye shamba. Yakobo 5:4 inasema jambo jingine: kuna ujira wa wavunaji uliozuiwa, nao unapiga kelele, na kilio kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Jasho ni sehemu yetu baada ya anguko. Ujira uliozuiwa ni dhambi ya watu fulani, katika mwaka fulani, juu ya shamba fulani. Anayechanganya haya mawili humfariji tajiri, kwa kuwa humwambia kwamba mgongo wa mkulima umepindwa na Adamu.

Katika *Waokota Masazo* Millet aliyatenga, kwa kuwa tunamwona mtu wa farasi na marundo yake. Katika *Mtu Mwenye Jembe* ameyachanganya: amemwondoa kila mtu ila mlimaji, akamwacha peke yake na ardhi. Ndiyo sababu mshairi Mmarekani Edwin Markham, alipochapisha shairi juu ya picha hii mwaka 1899, alilazimika kuwaingiza watawala na mabwana ambao mchoraji hakuwachora. Isitoshe, watu wa Millet hawana majina, na nyuso zao mara nyingi zimo kivulini. Reli na mashine za kupura zilikwisha kuingia Ufaransa katika miaka ile, lakini katika picha zake hazimo. Wakulima wake wanaelekea kuwa wa milele kama milima, na kilicho cha milele hakidai mabadiliko.

Vincent van Gogh, mwana wa mchungaji wa kanisa la Reformed la Uholanzi, ambaye alihubiri kati ya wachimba makaa wa Borinage kabla hajawa mchoraji, alimpenda Millet kuliko karibu wote, na katika 1889 na 1890 alinakili picha zake kama 20. Lakini katika *Walaji Viazi* ya 1885 alipita hatua moja mbele. Watu wanaokula chini ya taa ile walikuwa familia ya de Groot wa Nuenen, majirani aliowajua kwa majina, na alieleza katika barua kwamba alitaka ionekane kuwa mikono wanayoitia sahanini ndiyo iliyochimba viazi hivyo. Kazi na mlo vimerudiana. Kile ambacho Ruthu alipewa na Boazi, yaani kiti na jina, mchoraji huyu alijaribu kukirudisha.

5. Deni letu la 1525

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukiwalaumu wenye mashamba wa Ufaransa. Lakini urithi wetu wenyewe hauturuhusu. Mwaka 1520, katika waraka wake kwa wakuu wa taifa la Ujerumani, Luther alifundisha kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima, kila mmoja ana kazi na wadhifa wake, na wote kwa usawa ni makuhani waliowekwa wakfu. Ni mafundisho makubwa, na tunayashika. Miaka 5 baadaye wakulima wa kusini mwa Ujerumani walikutana Memmingen, wakaandika Makala Kumi na Mbili. Walidai kuchagua wachungaji wao, kupunguziwa kazi za kulazimishwa na kodi, na kurudishiwa misitu na malisho ya jumuiya. Na waliahidi kuacha dai lolote litakaloonyeshwa kuwa kinyume cha Maandiko. Luther aliwajibu kwanza kwa kuwakemea mabwana pamoja na wakulima. Ghasia zilipoenea, aliandika kijitabu kikali akiwahimiza watawala wawapige bila huruma. Inakadiriwa kwamba waliouawa walifika hadi 100,000.

Mchoraji aliyeyatia mambo hayo katika sanaa ni Albrecht Dürer wa Nürnberg, mtu aliyemheshimu Luther sana. Katika kitabu chake cha upimaji, kilichochapwa mwaka huo huo wa 1525, alichora mfano wa mnara wa kumbukumbu ya ushindi dhidi ya wakulima. Chini kuna ng'ombe, kondoo na nguruwe. Juu yao vimepangwa vyombo vya shambani na vya jikoni: kapu, sanduku la nafaka, jagi la maziwa, mganda uliofungwa pamoja na majembe na nyuma. Na juu kabisa, juu ya tundu la kuku, ameketi mkulima aliyeinama kwa huzuni, upanga umechomwa mgongoni mwake. Wataalamu wamebishana kama Dürer alikejeli au aliomboleza. Kwa maoni yetu mkao wa mkulima huyo unatosha kuwa dalili. Ameketi kama Kristo mwenye huzuni anavyochongwa na kuchorwa katika sanaa ya Ujerumani ya zamani hizo, akingoja kusulibiwa. Mtu hawezi kuchora hivyo kwa kucheka tu.

Mnara huo haukujengwa. Lakini kwa Walutheri umesimama katika dhamiri, na unaonya kwamba inawezekana kuitukuza kazi ya mkulima kwa mafundisho, na kuziba masikio mkulima anapolalamika.

6. Neno kwa mimbari

Katika sharika zetu tunayo sikukuu ya mavuno. Mahindi, ndizi, maharage na kuku huletwa mbele ya madhabahu, na baada ya ibada mengi hupigwa mnada. Ni siku ya furaha, na hatutaki kuipunguza. Lakini sikukuu hiyo yaweza kufanana na shamba la Bwana Andrews: mavuno yapo yamepangwa vizuri, na aliyeyavuna haonekani. Mwenye shamba huleta gunia na jina lake husomwa. Kibarua aliyelivuna gunia hilo kwa malipo ya siku, je, yumo katika sala? Na mwanamke aliyepalilia?

Walawi 23 inatusaidia. Sura hiyo ni kalenda ya sikukuu za Israeli. Baada ya kueleza malimbuko na sikukuu ya majuma, kabla ya kuendelea na nyingine, inasimama ghafla katika aya ya 22 na kuirudia sheria ya masazo. Wengine wangeona kwamba aya hiyo imepotea njia. Sisi tunaona kwamba imewekwa mahali pake hasa: hakuna sikukuu ya mavuno isiyo na pembe ya shamba. Ibada ya malimbuko na haki ya mwokotaji ni amri moja.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa ndugu wachungaji mambo mawili yaliyo rahisi kutamka. La kwanza, mahubiri ya mavuno yasome Ruthu 2 au Walawi 23:22 angalau mara kwa mara, si zaburi za shukrani peke yake. La pili, kabla ya mnada wa mazao, baraza la wazee liulize ni sehemu gani ya mazao hayo ambayo haitauzwa, kwa kuwa si ya usharika. Ni ya mjane, yatima na mgeni, nao waichukue bila kuomba na bila kupigiwa makofi.

Hitimisho

Tumesema kwamba picha za Millet si mahubiri juu ya uchaji wa maskini. Ni ushuhuda wa kazi, na ndani ya ushuhuda huo sala hupata uzito wake. Tumeona pia kwamba mchoraji mwenyewe aliyumba kati ya dhuluma na majaliwa, na kwamba Maandiko yanatusaidia kuvitenga. Kwake yeye Boazi alikuwa karibu mwaka 1853, na mwaka 1857 alikuwa mbali juu ya farasi. Kitabu cha Ruthu kinamwonyesha Boazi akifika shambani kutoka Bethlehemu, akiwasalimu wavunaji kwa jina la Bwana, kisha akiuliza habari za msichana asiyemjua. Kazi ya kanisa katika jambo hili si kumsifu Ruthu kwa kuinama vizuri. Ni kumwita Boazi ashuke juu ya farasi, akaribie, aulize jina la mwanamke huyu, na kuamuru masuke yaachwe kwa makusudi.